Mgonjwa aliyevuja damu kwenye ubongo: tupange uuguzi kwa saa, tusinakili jedwali

Nesi_Zamu_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Wanafunzi wa uuguzi wanaomba sana humu mpango wa uuguzi wa mgonjwa wa kiharusi, na kinachowajia ni jedwali lile lile lenye safu tano, limenakiliwa kutoka darasa moja hadi jingine. Ukilisoma huwezi kujua kama mgonjwa ameziba mshipa au amepasuka mshipa, ana saa mbili tangu aanguke au ana wiki mbili. Naomba tukae na mgonjwa mmoja tu hapa, aliyevuja damu ndani ya ubongo, tumpange hatua kwa hatua.

Mgonjwa wetu wa mfano: mwanaume wa miaka 54, ana presha ya muda mrefu, aliacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri. Ameanguka asubuhi akifungua duka. Ametapika mara mbili, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, maneno hayamtoki sawasawa. Presha 214/122. Kipimo cha CT kinaonyesha damu imevuja ndani kabisa ya ubongo upande wa kushoto. Glasgow, yaani kipimo cha fahamu, ni 12: macho 3, maneno 3, mwendo (namna viungo vinavyoitikia) 6. Sukari 11.8. Joto 37.2.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba damu hii huenda bado inavuja. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa namna hii, bonge la damu huongezeka ukubwa ndani ya saa 24 za mwanzo, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea saa chache za mwanzo kabisa. Picha ya CT uliyoletewa inakuambia hali ya wakati ule ilipopigwa. Kuanzia hapo, anayejua kama damu inaongezeka ni wewe uliyesimama kitandani.

Kwa hiyo saa sita za mwanzo mpango wangu una mambo manne tu: njia ya hewa, fahamu, presha, na kutompa chochote mdomoni. Ngozi, choo, mazoezi na elimu kwa familia vina zamu yake, na nitavifikia.

Njia ya hewa: kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, shingo iwe imenyooka katikati, isilale upande wala isibanwe na mito. Shingo ikipinda, damu ya kutoka kichwani inarudi kwa shida na mgandamizo ndani ya fuvu unapanda. Akitapika mgeuze ubavu upesi. Mashine ya kufyonza iwe imejaribiwa na iko karibu, na ukifyonza usizidishe sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, maana kufyonza kwenyewe kunapandisha mgandamizo. Oksijeni mpe ikiwa kiwango kimeshuka chini ya 94. Glasgow ikifika 8 au chini yake, mwite daktari kwa ajili ya kulinda njia ya hewa, usingoje raundi.

Fahamu: kipimo cha Glasgow kilitungwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, na mpaka leo hakijapata mbadala unaofanya kazi wodini kwa urahisi kama huo. Lakini andika sehemu zote tatu. "GCS 12" (yaani Glasgow 12) peke yake haimsaidii anayekupokea zamu. Akishuka alama 2, hiyo ni dharura hata kama presha ni nzuri. Fahamu na presha pima kila dakika 15 dawa ya presha ikiwa inaingizwa, na mboni kila mara: ukubwa, usawa wa macho mawili, na kama zinasinyaa kwa tochi. Mboni moja ikipanuka na kuacha kuitikia mwanga, ubongo unasukumwa.

Kuna alama tatu zinazofundishwa kama dalili ya mgandamizo kichwani: presha ya juu inayozidi kupanda, mapigo ya moyo yanayopungua, na upumuaji usio na mpangilio. Ni kweli, ila zinakuja mwishoni. Ukizisubiri umechelewa. Kinachotangulia ni mgonjwa aliyekuwa anafungua macho ukimwita, sasa mpaka umfinye. Au aliyekuwa mtulivu, sasa anahangaika na kung'oa dripu. Huyu wa pili ndiye anayefungwa mikono na kuandikwa "msumbufu" kwenye ripoti, na inaniuma sana kila ninapoliona neno hilo kwenye faili la mgonjwa wa kichwa.

Mwanafunzi_Mwaka3

Asante sana. Nina swali la darasani. Mkufunzi anataka utambuzi wa uuguzi uanze na upi? Wenzangu wanaweka "kushindwa kujihudumia", wengine "kushindwa kutembea".

Nesi_Zamu_Usiku

Mdogo wangu, jiulize kipi kitamuua kabla ya saa yako ya kutoka. Kushindwa kutembea hakumuui leo. Kwa mgonjwa wetu, anza na hatari ya ubongo kukosa mzunguko wa damu wa kutosha kutokana na kuvuja damu na mgandamizo kupanda. Cha pili ni hatari ya kupaliwa kwa sababu fahamu imeshuka na kumeza hakujapimwa. Glasgow ingekuwa 8, njia ya hewa ingetangulia vyote.

Na malengo yaandike yapimike. "Mgonjwa atapata nafuu" siyo lengo. Andika: "Ndani ya saa moja tangu dawa ianze, presha ya juu (namba ya kwanza) itakuwa kati ya 130 na 150, Glasgow haitashuka chini ya 12, mboni zitabaki sawa na zinaitikia mwanga." Mkufunzi akisoma hivyo anajua umemwona mgonjwa.

Daktari_wa_Wilaya

Naunga mkono, na nina la kuongeza kuhusu presha maana hapo ndipo tunapoharibu. Kwa mgonjwa aliyevuja damu mwenye presha ya juu kati ya 150 na 220, mwongozo wa Marekani wa 2022 unataka ishushwe kuelekea 140 na ikae kati ya 130 na 150. Chini ya 130 ni hatari kwake. Ishuke taratibu bila kupandapanda na kushukashuka.

Sasa kuna tabia ya kutoboa kidonge cha nifedipine, dawa ya presha, na kumwekea mgonjwa chini ya ulimi. Naomba iachwe. Presha inadondoka ghafla na huwezi kukadiria itaishia wapi, na mgonjwa mwenyewe hajapimwa kumeza. Tumia dawa ya mshipani kadiri ilivyopo. Labetalol ni nzuri, ila muulize ndugu kama mgonjwa ana pumu, na angalia mapigo ya moyo kwanza. Kama kuna hydralazine tu, itumike kwa kiasi kidogo kidogo na kupima mara kwa mara, kwa sababu matokeo yake hayatabiriki sana.

La pili: aspirini. Kiharusi ambacho hakijapigwa CT hakipewi aspirini. Kwa macho huwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka, hata uwe na uzoefu wa miaka mingapi. Nesi akiona aspirini imeandikwa na CT haipo, ana haki na wajibu wa kuuliza. Pia waulizeni ndugu kama anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana huyo anahitaji kurekebishiwa ugandaji wa damu haraka.

Sista_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nataka kuzungumzia mdomo. Huku kwetu mgonjwa hajafika saa mbili wodini, jamaa wameshaleta uji kwenye thamosi. Wanampenda, wanaona njaa itamuua. Namwelewa kabisa mama anayekaa pale na kijiko. Lakini mgonjwa wa ubongo akimeza vibaya, uji unaingia mapafuni, na siku ya tatu ana nimonia na homa.

Mie hupima hivi. Kwanza awe macho, aweze kukaa akishikiliwa, aweze kukohoa nikimwambia, na ameze mate yake mwenyewe bila kuyatoa pembeni. Akikosa lolote kati ya hayo naishia hapo, namweka mpira wa kulishia kupitia puani kwa agizo la daktari. Akiweza, nampa kijiko kimoja cha chai cha maji. Namsikiliza. Akikohoa, sauti ikiwa ya majimaji, au maji yakimtoka pembeni ya mdomo, hajafaulu. Akivipita vijiko vichache, ndio nampa kikombe anywe kidogo kidogo nikiwa nipo. Wako wanaotegemea kugusa koo na kijiti waone kama atataka kutapika. Hilo halikuhakikishii kwamba anameza salama.

Kisha naandika karatasi kubwa juu ya kitanda: USIMPE CHOCHOTE MDOMONI, KINYWAJI WALA DAWA. Dawa pia! Vidonge vya presha vilivyosagwa na kutiwa mdomoni ni kupaliwa vile vile.

Watu hudhani mambo haya ni madogo. Kule Australia wauguzi walifanya utafiti uliochapishwa 2011, wakasimamia mambo matatu tu kwa wagonjwa wa kiharusi: homa, sukari na kumeza. Wagonjwa waliokufa au kubaki tegemezi kufikia siku ya 90 walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 kwenye vituo ambavyo havikupewa mpango huo. Ni kazi ya wauguzi ile, na hakuna mashine ya gharama ndani yake.

Nesi_Zamu_Usiku

Sista, Mungu akubariki. Na mwaka 2023 ukaja utafiti mwingine, INTERACT3, wagonjwa zaidi ya 7,000 katika nchi 10, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati, wote waliovuja damu kwenye ubongo. Waliunganisha presha, sukari, homa na kurekebisha athari za warfarin kuwa kifurushi kimoja kinachoanza mapema, na wagonjwa walitoka na hali bora kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ndiyo maana mgonjwa wetu mwenye sukari 11.8 nampimia tena na kumwarifu daktari. Ikizidi 10 inatibiwa, ila kwa uangalifu isije ikashuka chini ya 4, maana ubongo hauvumilii hilo. Joto likifika 37.5 anapata paracetamol kwa njia inayofaa, na natafuta chanzo: mapafu, mkojo, sehemu ya dripu, malaria.

Na dripu yenyewe iangalieni. Dextrose 5% haimfai mgonjwa huyu isipokuwa sukari imeshuka. Inaongeza uvimbe wa ubongo. Normal saline ndiyo ya kuanzia.

Ngosha_RN

Nina jambo kuhusu Glasgow. Niko Kanda ya Ziwa. Tunapokea wazee wasiojua Kiswahili, wanaongea Kisukuma tu. Nesi aliyetoka mkoa mwingine anamuuliza "leo ni mwezi gani?", mzee anajibu kwa Kisukuma au ananyamaza, anaandikiwa maneno 4 au 3. Zamu inayofuata anakuja nesi Msukuma, anampa 5. Kwenye chati inaonekana amepona, kumbe hakuna kilichobadilika. Siku nyingine inakuwa kinyume, mgonjwa anaonekana ameshuka na daktari anaamshwa bure.

Nesi_Zamu_Usiku

Umegusa jambo zito, kaka. Mwiteni ndugu atafsiri wakati wa kipimo cha kwanza, na andikeni pembeni "anaongea Kisukuma, kimepimwa kwa msaada wa ndugu". Vivyo hivyo kwa mgonjwa wetu wa mfano: damu iko kushoto, sehemu ya lugha inaweza kuwa imeguswa, kwa hiyo maneno 3 yake huenda ni lugha iliyoharibika na fahamu yake iko juu kuliko inavyoonekana. Kwa wagonjwa hawa macho na mwendo vinakuambia zaidi. Na wakati wa kukabidhiana zamu, wauguzi wawili mpime pamoja pale kitandani, kila mmoja aone alichokiona mwenzake.

Kuhusu kumpa maumivu ili aitikie: minya misuli ya bega karibu na shingo au bonyeza chini ya nyusi, usiposhuku jeraha la uso. Kusugua kifua kila saa kunaacha michubuko ambayo ndugu wanaikuta asubuhi.

Mtoto_wa_Mama

Samahanini wataalamu, mimi si muuguzi. Mama yangu ana siku ya nne wodini, ni damu kwenye ubongo. Naruhusiwa kukaa naye mchana. Nifanye nini cha kumsaidia? Na je, ananisikia?

Sista_Kisauni

Pole sana mpenzi, Mola amjaalie nafuu mama. Ongea naye. Huenda anasikia hata kama hajibu, kwa hiyo mwambie wewe ni nani, leo ni siku gani, na usiruhusu watu wajadili mazishi au mali pembeni ya kitanda. Wageni wawe wachache na sauti ziwe chini.

Mkono uliopooza usiuvute mkimsogeza. Bega linateguka na maumivu yake hukaa miezi. Uwekeeni mto chini yake. Muulize sista wa zamu akuonyeshe namna ya kumgeuza. Usimpe chakula wala maji mpaka uambiwe kumeza kumepimwa. Na mwite nesi mara moja ukiona mojawapo ya haya: anaamka kwa shida kuliko asubuhi, anatapika, analalamika kichwa kuzidi, anatetemeka mwili, anapumua tofauti, au upande uliokuwa na nguvu umelegea. Usiogope kuonekana unasumbua.

Mtoto_wa_Mama

Asanteni mno. Hili la bega hakuna aliyeniambia, tumekuwa tukimvuta mkono huo kila siku.

Brother_Wodi_ya_Wanaume

Mkuu uzi ni mzuri, lakini tuseme ukweli. Haya ya kupima kila dakika 15 ni ya ICU, chumba cha mahututi. Usiku tuko wauguzi wawili, wodi imejaa, wengine chini kwenye magodoro. Mpango huu utatekelezwa na nani?

Nesi_Zamu_Usiku

Ni swali la haki, na mimi pia nafanya kazi wodi ya namna hiyo. Ninachofanya ni kugawa mgonjwa kwa hatari. Aliyevuja damu leo analala kitanda kilicho mbele ya meza ya wauguzi, hata kama ni kumhamisha mwingine. Dakika 15 ni kwa kipindi ambacho dawa ya presha inaingizwa mpaka namba ifike lengo na kutulia. Baada ya hapo kila saa kwa saa 24 za mwanzo, kisha daktari anapanga upya. Mgonjwa wa kiharusi wa siku ya nane aliyetulia hahitaji kupimwa mara nyingi hivyo, na hapo unaokoa muda.

Pili, usimrundikie kazi zote kwa mpigo. Kumgeuza, kumfyonza, kumbadilisha shuka na kumchoma sindano mfululizo kunapandisha mgandamizo kichwani. Gawanya, mwache apumzike katikati.

Na ukishindwa kupima kwa sababu ya uchache wenu, andika kwamba hukupima na kwa nini. Usijaze namba za kubuni. Nimeona chati yenye presha 140/90 mistari sita mfululizo, na mgonjwa asubuhi yuko Glasgow 6. Hakuna uongozi utakaoongeza wauguzi kama chati zinasema kila kitu kilikwenda sawa.

Daktari_wa_Wilaya

Niongeze kuhusu mannitol, dawa ya dripu ya kupunguza mgandamizo kichwani, kwa sababu kuna vituo inapewa kila mgonjwa kama desturi. Ni ya mgonjwa anayeonyesha dalili za mgandamizo kupanda, mara nyingi kumnunulia muda kabla ya upasuaji au rufaa. Nesi, kagua chupa kama ina chembe zilizoganda, tumia seti yenye kichujio, hakikisha mpira wa mkojo upo na mkojo unapimwa kila saa. Presha ikishuka au mkojo ukikauka, simamisha na uite daktari. Steroidi hazina faida kwa kuvuja damu huku, zinaongeza sukari na maambukizi tu.

Na tahadhari ya pekee kwa damu iliyovuja kwenye serebelamu, ubongo wa nyuma. Mgonjwa anaweza kuja anaongea vizuri, analalamika kizunguzungu, kutapika na kushindwa kusimama, Glasgow 15. Ndani ya saa chache anaacha kupumua kwa sababu shina la ubongo limebanwa. Huyo ndiye anayenufaika sana na upasuaji wa haraka, kwa hiyo rufaa yake isisubiri kesho. Kwa Dar na mikoa ya jirani, upasuaji huo unafanyika MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili.

Nesi_Zamu_Usiku

Kwenye rufaa nesi anayesindikiza ahesabu mtungi wa oksijeni kwa umbali, na aongeze akiba ya foleni na gari kuharibika. Mashine ya kufyonza iwe inafanya kazi kwa betri. Njia ya mshipani iwe mbili. Glasgow na mboni vipimwe muda mfupi kabla ya kuondoka, viandikwe kwenye fomu na saa yake, ili wanaompokea wajue alishuka njiani au alitoka hivyo. Kichwa nyuzi 30 hata ndani ya gari.

Sasa zile siku zinazofuata, nilisema nitafika. Mgeuze kila saa mbili, kagua visigino, kiuno na nyuma ya kichwa. Choo kigumu ni hatari kwake, kujikamua kunapandisha presha na mgandamizo; omba dawa ya kulainisha mapema, usisubiri siku ya tano. Mpira wa mkojo utolewe punde usipohitajika. Damu kuganda miguuni: soksi za kubana hazijaonyesha faida kwa wagonjwa wa kiharusi, mashine za kubana miguu kwa awamu ndizo zinazosaidia. Wengi hatunazo, kwa hiyo muulize daktari kuhusu heparini ya kinga baada ya siku moja au mbili, bonge likishathibitika kutulia. Mazoezi yaanze akiwa imara, kidogo kidogo. Kumsimamisha kwa nguvu ndani ya saa 24 za mwanzo kunaweza kumdhuru.

Akipata degedege: ubavu, njia ya hewa, tazama saa, pima sukari, mwite daktari. Usimwekee kijiko mdomoni.

Mwanafunzi_Mwaka3

Swali la mwisho. Kwenye mpango wa kuruhusiwa niandike nini? Jedwali linasema "mpe elimu ya afya".

Sista_Kisauni

Andika elimu gani, kwa nani, na utajuaje ameelewa. Kwa huyu mwenye duka: presha ndiyo iliyompasua mshipa na itampasua mwingine. Dawa ni za maisha, hata akijisikia mzima. Mtaje kwa jina ndugu atakayesimamia dawa, maana mgonjwa mwenyewe lugha imeharibika. Tarehe ya kliniki iandikwe. Asinywe aspirini wala dawa za maumivu za dukani kama diclofenac bila ushauri. Chumvi ipungue mezani. Wajue zoezi la mkono na mguu, na wakuonyeshe wewe wakilifanya kabla hawajatoka. Waulize dawa zitanunuliwa kwa pesa gani, na kama hawana, tafuteni pamoja na daktari ile wanayoimudu kabla hamjamwandikia ruhusa. Wengi wanaorudi na damu ya pili hawakukataa dawa, ziliisha.

Brother_Wodi_ya_Wanaume

Nimenakili. Kesho naanza na kitanda cha mbele ya meza, nitaongea na in-charge asubuhi kabla ya raundi.